Fundi amekula 290,000, kazi haijafika nusu, na bado anaitisha 40,000 ya gundi

Nyar_Migosi

Nyumba ni ya chini, si ya gorofa, hapa Migosi, Kisumu. Kazi ni kukarabati bafu na jikoni kwa 420,000, leba na vifaa vyote mikononi mwa fundi. Mkataba hatukuandikiana. Kilichopo ni kwotesheni yake ya mkono, aliipiga picha akanitumia kwa WhatsApp: kubomoa na kutoa kifusi 25,000, mabomba ya maji safi na maji taka 70,000, plasta na skridi (tabaka la simiti chini ya taili) 60,000, taili 140,000, umeme 35,000, meza ya jikoni na sinki 65,000, milango na rangi 25,000.

Nimeshalipa 290,000 kwa M-Pesa, mara nne. Bafu ni mita 2.4 kwa 1.8, jikoni ni 3.2 kwa 3. Kilichofanyika: kubomoa kumekwisha, mabomba yamelazwa lakini hakuna kilichofungwa, plasta na skridi ni za bafuni tu, taili ni za sakafu ya bafu tu, na umeme ni paipu zilizochimbiwa ukutani bila waya.

Wiki ya tatu hii hajakanyaga saiti. Kila nikipiga ni "kesho asubuhi niko hapo". Jana akaitisha 40,000 ya gundi ya taili na grauti (ya kuziba mianya kati ya taili), anasema pesa ya kwanza iliishia kwa simiti, mifuko 22. Nimtumie ili amalize? Niite mwingine? Na pesa yangu nitaidai vipi?

Kijana_wa_Kondele

Usitume hata bob. Ameacha grainda na ngazi hapo? Fungia stoo mpaka arudishe pesa.

Makadirio

Usitume, hapo nakubaliana na kijana. Lakini pia usilete fundi mwingine wiki hii. Kwanza pima kazi iliyo ukutani na chini, uipe bei kwa kwotesheni yake mwenyewe, maana hiyo bei hawezi kuikana. Fundi mpya akiingia kabla ya hapo, plasta yake itafunika ya mwenzake, na ukiulizwa nani alifanya nini hutakuwa na la kuonyesha.

Hesabu kwa vipimo vyako. Kubomoa kumekwisha, mpe 25,000 yake yote. Mabomba yamelazwa ila hayajajaribiwa kwa presha wala hakuna bilula iliyofungwa. Mpe asilimia 80, yaani 56,000, na hapo namhurumia. Plasta na skridi, bafu bila jikoni, tuseme nusu: 30,000. Umeme wa paipu bila waya ni asilimia 30: 10,500.

Taili ndizo hudanganya macho, kwa sababu sakafu ikishameta mtu huona bafu limekwisha. Kuta za bafu hadi mita 2.1: mzunguko ni mita 8.4, zidisha kwa 2.1, toa mlango na dirisha, unabaki na kama mita mraba 15.6. Sakafu ya bafu ni 4.3, sakafu ya jikoni 9.6, na ukanda wa nyuma ya sinki wa sentimita 60 kwa mita 5 ni 3. Jumla 32.5. Yeye ameweka 4.3. Hiyo ni asilimia 13 ya 140,000, kama 18,500.

Jumlisha: 25,000, 56,000, 30,000, 10,500 na 18,500 ni 140,000. Umelipa 290,000. Ana 150,000 yako ambayo haijawa kazi.

Sasa ile mifuko 22. Mfuko wa kilo 50 kwa mchanganyo wa moja kwa nne, plasta ya milimita 15, hufunika kama mita mraba 8. Kuta za bafu lako hadi dari, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita mraba 20 na kitu, kwa hiyo mifuko 3. Skridi ya sentimita 5 kwenye sakafu ya mita mraba 4.3 haifiki mifuko 2. Ongeza 2 ya kuziba mitaro ya mabomba na ya kulaza taili. Ni 7, na kwa fundi mwenye mkono mzito, 8. Muulize mifuko 14 iko wapi, umuulize kwa maandishi, ajibu kwa maandishi.

Kuna upande wake pia. Vifaa vilivyobaki saiti (taili kwenye katoni, mabomba, simiti ambayo haijaganda) ni pesa yako iliyogeuka mali, kwa hiyo vihesabu kwa bei ya hadwea ya leo, uvitoe kwenye ile 150,000. Usipofanya hivyo atakuja kufanya yeye mbele ya watu na utaonekana mwongo kwa yote mengine.

Siku ya kupima mwite kwa SMS, siku na saa, umpe siku 2 za kujipanga. Asipokuja pima na jirani au mzee wa mtaa, mtie sahihi wote wawili. Kila picha iwe na futi ya kupimia ndani yake, kwa sababu picha ya ukuta mtupu haionyeshi kitu.

Timazi_Kakamega

Makadirio amempa 18,500 ya sakafu kabla sakafu haijajaribiwa. Ikishindwa, hiyo ni sifuri na gharama ya kuing'oa juu yake. Kwa hiyo kabla ya karatasi, fanya majaribio haya.

Gonga kila taili kwa mpini wa bisibisi. Mlio mzito ni sawa, mlio wa debe ni uwazi chini. Mafundi wengi huweka gundi matone matano, manne kwenye pembe na moja katikati, halafu wanabonyeza. Katikati ya matone kunabaki mapango, maji yanatuama humo na taili inapasuka siku kitu kizito kikianguka. Gundi inatakiwa isambazwe kwa mwiko wa meno. Joto la Kisumu nalo lina lake: gundi iliyopakwa huwa na kama dakika 20 kabla haijaota ngozi juu, na saa nane mchana huwa chini ya hapo. Fundi anayepaka eneo kubwa kisha akaenda chai anarudi kubandika taili juu ya ngozi. Weka alama ya chaki kwenye kila yenye mlio wa debe, upige picha ya sakafu yote.

Mteremko: maji yaelekee kwenye trapu (tundu la kutolea maji sakafuni), sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita. Mwaga lita 5 kwenye kona ya mbali, subiri dakika 10. Vidimbwi vikibaki, skridi haikupangwa, na hakuna grauti inayotibu hilo.

Kubwa zaidi ni dawa ya kuzuia maji chini ya taili. Inatakiwa ipakwe mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, ipande ukutani sentimita 15 kuzunguka bafu lote, na kwenye shawa mita 1.8. Kwa nyumba ya chini hutaona tone likidondoka kwa jirani, utaona rangi ya ukuta wa chumba cha kulala inababuka baada ya mwaka. Ziba trapu kwa kizibo cha mpira, jaza maji kina cha sentimita 5, piga mstari wa penseli, uache saa 24. Weka pia ndoo yenye maji humo humo bafuni na mstari wake. Ndoo inakuonyesha kiasi kilichokwenda na hewa, kinachozidi hapo kimekwenda kwenye sakafu.

Mabomba: kama ni ya PPR (plastiki ngumu) yanayochomelewa, kosa la kawaida ni kuchoma kupita kiasi. Bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 kwenye mashine ya nyuzi 260, liingie milimita 14, basi. Likichomwa zaidi au kusukumwa zaidi, plastiki inavimba kwa ndani na tundu linafinyika. Utaliona siku ya kwanza ya kuoga: presha nzuri jikoni, shawa inalia. Usikubali kujaribiwa kwa tangi la juu peke yake. Tangi lililo mita 6 juu linatoa presha ya bari 0.6 tu, na kiungo kibovu hukaa kimya kwa presha hiyo hadi siku utakapofunga pampu. Kodi pampu ya mkono, bari 10, saa nzima, mshale usishuke. Fanya hivi sasa wakati kuta za jikoni hazijapigwa plasta.

Na umeme, kwa kuwa waya hazijapitishwa una bahati. Shawa ya kupasha maji ya wati 5,500 inavuta kama ampia 23. Mafundi huivutia waya wa milimita mraba 2.5, ule wa soketi, kwa sababu ndio uliobaki kwenye begi. Unapata moto, ganda linakauka, siku moja kunanuka. Waya usiwe chini ya 4, uwe na laini yake kutoka kwenye boksi, swichi kubwa ya kukata nyaya mbili iwe nje ya bafu, na waya wa ardhi ufike kwenye shawa yenyewe. Afanye mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati na petroli), si fundi wa taili anayejua "na umeme kidogo".

HakiMadai_Nax

Kijana wa Kondele, hiyo ya kufungia grainda ni njia ya haraka ya kugeuka mshtakiwa. Vifaa vya mtu ni vyake hata kama ana deni lako. Dada, viorodheshe, vipige picha, mtumie ujumbe kwamba viko salama na aje avichukue saa za mchana mbele ya shahidi. Ujumbe huo huo unakusaidia kuonyesha kwamba ni yeye aliyeacha kazi, hukumfukuza.

Sasa njia za kudai, kwa jinsi zinavyofanya kazi, si kwa jinsi watu wanavyozisimulia.

Chifu anaweza kuwaita wote wawili na mkaandikiana. Makubaliano yaliyotiwa sahihi mbele yake ni ushahidi mzuri. Kumlazimisha mtu alipe hana mamlaka hayo, kwa hiyo usipoteze miezi hapo.

Polisi watakwambia ni deni, na mara nyingi wako sahihi. Kupata pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kunahitaji uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita. "Nitamaliza Ijumaa" ni ahadi, haitoshi. Risiti ya kughushi ya mifuko 22 ni jambo jingine. Kama ipo, ihifadhi.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili makandarasi katika madaraja 8 na pia hutambua mafundi stadi. Tafuta jina lake kwenye tovuti yao. Akiwemo, malalamiko yana uzito kwa sababu ana cha kupoteza. Asipokuwemo, hapo hupati pesa, ila pia umejua uliajiri nani.

Panapolipa ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, mahakama zikaanza kazi 2021, kikomo ni madai ya shilingi 1,000,000, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Kisumu ipo, Nakuru ipo. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili na ukasema kwa Kiswahili. Haibanwi na kanuni zote za ushahidi kama mahakama nyingine, kwa hiyo picha, SMS na taarifa ya M-Pesa zina nafasi. Zipange kwa tarehe, uzipe namba za kurasa.

Kabla ya hapo, barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: tulikubaliana nini, nimelipa nini na tarehe zake, kazi iliyopimwa ni ya kiasi gani, nadai kiasi gani, una siku 14. Usitukane, usitishie polisi. Mpe kwa mkono akiweza kupatikana, na picha ya barua kwa WhatsApp.

Kuhusu kiasi, watu huharibu hapa. Kuna hesabu mbili na unachagua moja. Ya kwanza ni ya Makadirio: ulicholipa ukitoa thamani ya kazi na vifaa. Ya pili ni gharama ya kumaliza: chukua kwotesheni 3 za kazi iliyobaki, orodha ile ile kwa mafundi wote watatu. Kwenye bei ya kwanza ulikuwa umebakisha 130,000. Mwingine akikamilisha kwa 300,000, hasara yako ni 170,000. Ukidai 150,000 na 170,000 kwa pamoja unadai kitu kimoja mara mbili na mwamuzi ataliona dakika ya kwanza. Kung'oa sakafu mbovu kunaingia ndani ya hesabu ya pili, mradi kimeandikwa kwa nini inang'olewa. Hapo ndipo majaribio ya Timazi yanageuka pesa.

Kijana_wa_Kondele

Sawa, grainda nimeiachia.

Kaunta_ya_Hadwea

Niongeze la upande wetu wa kaunta. Leo hii nenda kwa kila hadwea aliyokuwa akichukua vitu na uwaambie kwa maandishi kwamba hana ruhusa ya kuchukua kwa jina lako. Fundi aliyeishiwa hukopa kwa jina la mwenye nyumba, na mwisho wa mwezi wenye duka wanabisha kwako na hati ya delivari yenye sahihi ya kibarua.

Simiti hurudishwa. Anachukua mifuko 10 asubuhi, mchana anarudisha 4 "zimezidi" na kupewa pesa, risiti ya 10 inabaki kwako. Taili vile vile. Dawa yake ni kuhesabu getini na kuandika kwenye daftari, mifuko iliyoingia na mifuko mitupu iliyotoka. Mfuko mtupu haudanganyi, mwambie kibarua aihifadhi yote.

Kwa taili ulizonazo, soma namba ya shedi (kundi la rangi) kwenye katoni kabla hujampa fundi mpya. Utahitaji nyongeza ya asilimia 10 kwa vipande vya kukata, na ukinunua baadaye namba nyingine, rangi itatofautiana hata kama jina ni lile lile. Ukutani jioni, taa ikiwaka, utaona mpaka.

Makadirio

Na fundi mpya usimpe kwa mtindo ule ule. Vifaa nunua mwenyewe kwa orodha yake, yeye mlipe leba tu, na ulipe kazi iliyokwisha kupita majaribio: mabomba baada ya pampu, sakafu baada ya maji ya saa 24, taili za ukuta baada ya kugongwa. Malipo ya mwanzo yasizidi asilimia 10 ya leba. Shikilia asilimia 10 nyingine kwa miezi 3. Mabadiliko yoyote ("mama, hapa tuongeze rafu") yaandikwe na bei yake kabla ya nyundo kuinuliwa, kwa sababu ugomvi wa mwisho wa kazi mara nyingi hutoka kwenye nyongeza ambazo hakuna aliyezitaja bei.

Vibarua wa kwanza waliolipwa nusu wanaweza kuja kwako. Madai yao ni kwa aliyewaajiri. Ukiamua kuwapa kitu, waandike kuwa ni mshahara wa siku fulani, watie sahihi, uiongeze kwenye barua ya madai.

Nyar_Migosi

Asanteni nyote. Mambo mawili. Moja: M-Pesa mbili kati ya nne zilikwenda namba ya mwanamke, alisema ni mkewe. Pili: nimejaza maji jana saa kumi jioni, leo saa kumi sakafu imeshuka milimita 18, ndoo imeshuka 3.

HakiMadai_Nax

Tafuta ujumbe wake unaosema "tuma kwa namba hii". Huo ndio unaounganisha pesa na yeye. Kama alisema kwa simu tu, mwandikie sasa: "Nathibitisha kwamba 80,000 niliyotuma tarehe fulani kwa namba uliyonipa ilikuwa ya kazi ya bafu" (weka kiasi na tarehe zako). Akijibu "ndio" au akanyamaza huku akiendelea kuomba 40,000, vyote vinafaa. Mshtaki yeye mliyekubaliana naye. Mkewe si sehemu ya mapatano. Na jua anapoishi au anapofanyia kazi sasa. Kanuni za mashauri ya madai zilirekebishwa 2020 kuruhusu hati kupelekwa hata kwa WhatsApp, lakini utekelezaji wa hukumu utahitaji mahali penye mali.

Timazi_Kakamega

Toa 3 za ndoo, zimebaki milimita 15. Kwa sakafu ya mita mraba 4.3 hizo ni kama lita 64, mitungi mitatu ya lita 20 na zaidi, kwa siku moja. Sakafu hiyo imeanguka mtihani, lakini usiing'oe bado. Kwanza hakikisha si kizibo kilichovuja: kikaze upya, jaza tena sentimita 5, na safari hii soma mstari kila baada ya saa 3, uandike.

Maji yakishuka mwendo ule ule hadi karibu kuisha, tobo liko chini, mara nyingi kwenye shingo ya trapu, pale skridi inapokutana na plastiki. Kutengeneza hapo ni kung'oa taili 4 za kuzunguka trapu. Yakishuka hadi kimo fulani, tuseme sentimita 3, kisha yakasimama sawa na ndoo, tobo liko kwenye kimo hicho, yaani kwenye pembe ya ukuta na sakafu, na dawa haikupandishwa ukutani. Hapo ni kung'oa mzunguko wote. Andika kimo, saa na upande ambao ukuta wa nje au wa chumba unalowa, upige picha, ndipo umwite fundi wa pili akupe bei ya kung'oa.